Senti ya Kisandukuni

 Siku ya Alhamisi, tarehe 26 Januari mwaka 2017, katika kijiji cha Mawemeru, ndani ya kata hii yetu ya Nyarugusu, Geita, ardhi iliporomoka ikaziba njia ya mgodi, na watu 15 wakabaki chini, 14 wakiwa Watanzania na mmoja raia wa China. Na tangu saa ile hata Jumapili, siku ya nne, waokoaji waliokusanyika kutoka hapa na kutoka migodi mingine walichimba usiku na mchana, mpaka wote 15 wakatolewa wakiwa hai. Mnaikumbuka siku ile. Nami nataka mkumbuke pamoja nayo jambo moja dogo, ambalo kwa udogo wake lilipita bila kutajwa: sikumsikia mtu yeyote, katika siku zile nne, akiuliza ni nani miongoni mwa waliofukiwa aliyekuwa na fedha ya kulipia kuokolewa kwake. Swali lenyewe lingekuwa aibu. Aliyekuwa na sururu alichimba, na aliyekuwa hana sururu aliomba dua.

Lakini, wasikilizaji wangu, iko namna nyingine ya kufukiwa, ambayo haina kishindo wala vumbi linaloonekana kutoka mbali, na ambayo humpata mtu akiwa juu ya ardhi, mbele ya macho ya majirani zake, wala hapana king'ora kinacholia. Mchukueni kijana mwenye nguvu, ambaye jiwe limemvunja mfupa wa paja duarani, yaani ndani ya shimo la kuchimbia. Wenzake humbeba kwa pikipiki hata kituo cha afya, na hapo huambiwa kwamba mfupa wa namna hii hauwezi kuungwa pale, apelekwe Geita. Na huko nako, ikiwa hali yake ni mbaya zaidi, hupewa barua ya kwenda hospitali ya Bugando, Mwanza, ambako mgonjwa mmoja huhitaji nauli ya watu wawili, na mahali pa kulala yule anayemuuguza, na chakula chake, kabla hata dawa haijatajwa. Nyumbani kwao, labda Kwimba au Maswa, baba hupigiwa simu. Ng'ombe wa kwanza huuzwa kwa bei ya mnadani, wa pili huuzwa kwa bei ya shida, na wa tatu, kama yupo, hutolewa kwa yeyote mwenye fedha mkononi siku ile. Mdogo wake yule kijana, aliyekuwa akijiandaa kwenda sekondari, husubiri mwaka. Na mwaka mmoja wa kusubiri, kama tujuavyo, aghalabu hauishi. Basi mtu mmoja amevunjika paja, na watu wa nyumba nzima wamefukiwa.

Au tumwangalie yule ambaye hakuvunjika popote. Amefanya kazi karibu na karasha, ile mashine ya kusaga mawe, miaka kumi, akivuta unga wa mawe ambao ni mwembamba kuliko unga wa muhogo, na unga ule umejenga ukuta ndani ya mapafu yake. Kikohozi kikianza husema ni mafua. Kikizidi hununua vidonge dukani. Na kwa kuwa kwenda hospitali ni kutoa fedha ambazo leo zinahitajika kwa mkaa na sukari, huahirisha, na kuahirisha, hata siku anapokwenda akakuta kwamba mapafu yamekuwa magumu kiasi ambacho tabibu hana la kumfanyia isipokuwa kumpunguzia maumivu. Kifua kikuu Serikali hukitibu bila malipo, na hilo ni jambo jema ambalo yafaa kila mchimbaji alijue. Lakini mapafu yaliyogeuka jiwe kwa vumbi la jiwe hayarudi kuwa nyama. Mtu huyu hakuuawa na vumbi peke yake. Ameuawa pia na ule woga wa dirisha la malipo, uliomfanya achelewe.

Kwa hiyo nimeona leo nizungumze juu ya jambo ambalo nchi nyingi za dunia zimelifuata, kila moja kwa sababu zake na kwa wakati wake, nalo ni bima ya afya kwa wote. Na nitauliza ni kwa nini walilifuata, na ni nani aliyelianza, kwa maana jibu la swali hili la pili linatuhusu sisi watu wa migodi kuliko tunavyodhani.

Neno lenyewe, bima, si letu kwa asili. Lilitujia kwa njia ya bahari, katika vinywa vya wafanya biashara wa Kihindi waliokuja na pepo za msimu, na wanaofuatilia nasaba ya maneno hulirudisha nyuma zaidi, hata Uajemi, ambako asili yake ni neno lenye maana ya hofu. Naona nasaba hiyo ina ukweli ndani yake. Mwenye jahazi moja akilipoteza baharini hufilisika. Wenye majahazi kumi wakikubaliana kwamba hasara ya mmoja italipwa na wote, jahazi likizama wote huumia kidogo na hapana anayeangamia. Hofu iliyokuwa mzigo wa mmoja imegawanywa ikawa nyepesi.

Na kama neno ni geni, maana yake si ngeni. Watu wa pwani walikuwa na desturi ya kula kikoa, kila mmoja akileta chake au kukaribisha wenziwe kwa zamu. Nao Wasukuma walikuwa na basumba batale, viongozi wa vijana waliopiga mbiu na kuwaongoza wenzao kwenda kulima shamba la mwenye haja, ambaye kesho naye angetoka na jembe lake kwa ajili ya mwingine. Hata leo hapa Nyarugusu daftari la mchango huzunguka kila mtu anapougua au kufiwa. Sitaki nilidharau daftari lile, kwani limezika wengi kwa heshima na limeponya baadhi. Lakini lina upungufu ambao mapenzi mema hayawezi kuuziba. Huja baada ya msiba, wakati mgonjwa amekwisha lala siku tatu bila dawa. Humsaidia zaidi yule anayejulikana, ilhali katika machimbo wamejaa vijana waliofuata rashi, yaani mbio za dhahabu, kutoka mbali, wenye majina ya utani tu, ambao siku wakianguka hapana ajuaye kwao ni wapi wala ni nani apigiwe simu. Tena maradhi marefu hulichosha: jirani mwenye moyo safi atachangia mara ya kwanza kwa furaha, na ya pili kwa subira, lakini mwenye kisukari, au mwenye figo zilizokufa, anahitaji kuchangiwa kila wiki mpaka mwisho wa maisha yake, na daftari halina pumzi ya kufika huko.

Sasa naomba tusafiri. Nchini Ujerumani uko mji uitwao Goslar, na karibu nao uko mlima wa Rammelsberg, ambamo watu walichimba fedha, shaba na risasi kwa karne nyingi. Hati moja ya mwezi wa Desemba mwaka 1260, iliyotolewa na askofu wa Hildesheim, inautaja udugu wa wachimbaji wa mlima ule, waliojiunga ili kuwasaidia wenzao waliougua na waliofukarika. Miaka zaidi ya mia saba na sitini iliyopita! Wakati ule Kilwa ilikuwa ikinawiri kwa dhahabu ya Sofala, na wenzetu wachimbaji wa kule baridini, ambao hawakuwa na shule wala benki, walikwisha kugundua kwamba anayeshuka shimoni hawezi kuitegemea bahati yake mwenyewe. Baadaye ikawa desturi katika migodi ya Kijerumani kwamba kila mchimbaji, apokeapo ujira wake, hutumbukiza kiasi kidogo katika sanduku la pamoja, na fedha ile ikaitwa kwa jina lake hasa, senti ya kisandukuni. Kutoka katika sanduku lile alilipwa tabibu, na aliyevunjika alipewa posho, na mjane alipewa cha kumzuia asiombe njiani. Wazee waliochaguliwa na wachimbaji wenyewe ndio waliosimamia mambo hayo. Mwaka 1854 dola ya Kijerumani ya Prussia ililifanya jambo hilo kuwa sharti kwa migodi yote. Na mwaka 1883, chini ya waziri mkuu Bismarck, Ujerumani ilitunga sheria ya bima ya ugonjwa kwa wafanyakazi wa viwandani, mfanyakazi akilipa mafungu mawili na mwajiri fungu la tatu, na hiyo ndiyo ihesabiwayo kuwa mama wa sheria zote za bima ya afya duniani.

Bismarck hakusukumwa na huruma, na ni insafu kulisema hilo. Miaka mitano kabla yake alikuwa amekwisha piga marufuku vyama vya wasoshalisti, akaona kwamba marufuku peke yake haitoshi kuwavuta wafanyakazi upande wa dola, na kwamba mtu ambaye Serikali inamtibu hana hamu kubwa ya kuipindua. Basi nchi ya kwanza iliingia katika jambo hili kwa sababu ya hofu ya watawala. Nimelitafakari sana, na sioni haya kusema kwamba halinisumbui: mgonjwa aliyetibiwa mwaka 1884 alipona sawasawa, hata kama aliyetia saini alikuwa na hesabu nyingine moyoni.

Uingereza ilifika huko kwa njia nyingine, nayo pia ilianzia mgodini. Katika mji wa Tredegar, kusini mwa Wales, wachimba makaa ya mawe na wafua chuma waliunda mwaka 1890 chama cha msaada wa matibabu, wakikatwa kiasi kidogo katika ujira wao, na kwa fedha hizo wakaajiri matabibu wao na kuendesha hospitali yao, wakitibiwa wao na wake zao na watoto wao. Katika mji huo alizaliwa Aneurin Bevan, mtoto wa mchimbaji, ambaye aliingia shimoni akiwa kijana mdogo. Na baba yake alikufa mwaka 1925 kwa maradhi ya mapafu yaliyotokana na vumbi la makaa, bila kupata fidia, kwa kuwa maradhi yale yalikuwa hayajaingizwa katika orodha ya maradhi ya kazi. Vumbi lile lile, wasikilizaji wangu, ingawa jiwe lake ni jingine. Bevan alipokuja kuwa Waziri wa Afya baada ya vita kuu ya pili, alisema wazi kwamba analolitaka ni kuwapa watu wa nchi nzima kile ambacho watu wa Tredegar walikuwa nacho tangu zamani, na tarehe 5 Julai 1948 huduma ya afya ya taifa ilianza, ikilipiwa kwa kodi, na kila mtu akitibiwa bila kuulizwa fedha mlangoni. Ni kweli kwamba kodi si bima. Wajerumani walichagua mchango na Waingereza wakachagua kodi. Ila katika nchi zote mbili malipo yalihamishwa kutoka siku ya kuugua yakawekwa katika siku za uzima, na hilo ndilo kubwa.

Japani nayo ilijifunza kwa wakulima wake. Huko Munakata, katika mkoa wa Fukuoka, tangu karne ya 19 wanakijiji walikuwa wakitoa mchele, kila nyumba kwa kadiri ya uwezo wake, ili kumweka tabibu kijijini. Na dola ilipotunga sheria ya bima ya wanakijiji mwaka 1938, ilitazama vijiji vile, na kufikia mwaka 1961, nchi ikiwa bado haijawa tajiri kama tuijuavyo leo, kila Mjapani alikuwa ndani ya bima. Na kwa nini twende mbali, ilhali Rwanda ni jirani yetu? Ile nchi iliyotoka katika mauaji ya mwaka 1994 ikiwa haina matabibu wala fedha wala watu kuaminiana, ilianza mwaka 1999 kujaribu mifuko ya bima ya jamii katika wilaya tatu, na mwaka 2008 ikaifanya kuwa lazima nchi nzima, maskini wa mwisho wakilipiwa, na baadaye wengine wakilipa kwa daraja zao. Na leo wengi mno wa raia wake wana bima. Nionavyo mimi hapana mfano unaovunja hoja kuliko huo, kwa sababu wale wasemao kwamba nchi hungoja itajirike kwanza ndipo iwatibu watu wake, hukaa kimya unapowatajia Rwanda.

Na sisi je? Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, nchi yetu iliamua kwamba matibabu katika hospitali za Serikali yawe bila malipo, na zahanati zikajengwa vijijini kwa wingi hata mataifa mengi yakatushangaa. Ilikuwa nia njema kabisa, nami ni mmoja wa waliochanjwa kwa nia hiyo. Lakini uchumi ulipodhoofu, zahanati zilibaki na milango bila dawa, na mwaka 1993 ukaletwa utaratibu wa kuchangia gharama, mgonjwa akilipa papo kwa papo, isipokuwa waliosamehewa kama wajawazito na watoto chini ya miaka mitano. Tangu hapo ndipo ng'ombe walipoanza kwenda mnadani kwa ajili ya hospitali.

Jawabu la kwanza lilizaliwa karibu nasi, Igunga, mwaka 1996. Huko ulianzishwa kwa majaribio Mfuko wa Afya ya Jamii, kaya ikitoa mchango kidogo kwa mwaka na Serikali ikiongeza kiasi kile kile, utaratibu ambao watu waliuita kwa jina zuri la tele kwa tele, na mwaka 2001 ukapewa sheria ya nchi nzima. Watumishi wa umma nao waliwekewa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya kwa sheria ya mwaka 1999, mshahara ukikatwa asilimia 3 na mwajiri akitoa asilimia 3. Mwaka 2018 mfuko wa jamii uliboreshwa, kaya ya watu sita ikilipa shilingi 30,000 kwa mwaka na kuweza kutibiwa tangu zahanati hadi hospitali ya mkoa. Hata hivyo, tulipofika mwaka 2022, katika kila Watanzania 100 waliokuwa na bima ya namna yoyote walikuwa takriban 15 tu.

Kwa nini wachache hivyo? Hapa ndipo penye kiini cha mambo, na nawaomba mnisikilize kwa makini. Bima ya hiari hununuliwa na mgonjwa. Mwenye afya husema atakata kesho. Mwenye mimba iliyo na matatizo, au mwenye mtoto wa selimundu, hukata leo. Basi sanduku hujaa watu wenye haja na hukosa watu wenye uzima, na fedha zinazoingia hazilingani na zinazotoka, na wasimamizi wakipandisha ada ili kuziba pengo, wale wachache wenye afya waliokuwamo hutoka. Tuliliona jambo hili kwa macho yetu mwezi wa Machi mwaka 2023, wakati kadi za bima za watoto mmoja mmoja zilizoitwa Toto Afya zilipositishwa, na wazazi wakaelekezwa wawaandikishe watoto kupitia shuleni, kwa sababu waliokuwa wakiandikishwa na wazazi wao walikuwa zaidi ni watoto waliokwisha kuugua. Wazazi walilia, na walikuwa na haki ya kulia. Lakini Mfuko wa Taifa, uliozitoa kadi hizo, nao haukusema uongo. Ndiyo maana nchi zilizofanikiwa, kuanzia Prussia hata Rwanda, zilifika mahali zikasema neno lazima.

Neno hilo limesemwa na kwetu pia. Novemba mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, baada ya mjadala uliokuwa mkali tangu mwaka uliotangulia, wakati ilipotajwa ada ya shilingi 340,000 kwa kaya ya watu sita, na nchi nzima ikapiga yowe. Sheria hiyo inamtaka kila mkazi awe na bima, nayo inaweka mfuko wa kuwalipia wasio na uwezo, ukipata fedha zake katika kodi na tozo za vitu kama vinywaji, vipodozi, michezo ya kubahatisha na miamala ya kielektroniki. Zanzibar nayo, ambayo tangu Mapinduzi ya mwaka 1964 ilishika msimamo wa matibabu ya bure, ilianzisha mfuko wake wa huduma za afya mwaka huo huo wa 2023.

Najua yanayosemwa vijiweni, nami siyapuuzi. Kuna anayesema kwamba kulipia ugonjwa kabla haujaja ni kuuita. Huyu namwambia kwa upole kwamba anapoweka matimba, yaani magogo ya kuzuia kuta, duarani hayaiti maporomoko. Anayaweka kwa sababu anataka kurudi nyumbani jioni. Kuna ndugu zangu Waislamu wanaoogopa kwamba bima ina dosari ya kisheria, nao hofu yao ni ya kuheshimiwa; lakini wanazuoni wengi wamepambanua kati ya biashara ya kuuza hatari kwa faida, ambayo wanaikataza, na taawuni, yaani watu kusaidiana kwa sanduku la pamoja, ambayo wanaikubali. Na kuna kijana anayesema, mimi siumwi, kwa nini nimlipie mwingine? Sina jibu kali kwake. Namwomba tu aende mwaloni, mahali dhahabu inapooshwa, akawaangalie wanaume wa miaka hamsini, ambao zamani walikuwa na vifua kama chake, na wengine sasa mikono yao inatetemeka kwa moshi wa zebaki waliokuwa wakiichoma kwenye karai bila kujua wanachokivuta.

Lakini lalamiko moja ni zito kuliko yote, na wala sitalipamba. Mama mmoja wa hapa mtaani, ambaye alikuwa na kadi, na ada ameilipa, na jina lake limo katika orodha, alifika mahali fulani pa kutibiwa na mtoto mwenye homa kali, akaandikiwa dawa, na dirishani akaambiwa dawa hakuna, akanunue nje. Alinunua. Mwaka uliofuata hakukata kadi, na mimi niliyekuwa nimemshawishi akate sikuwa na la kumwambia. Sheria inaweza kumlazimisha mtu kulipa, lakini haiwezi kumlazimisha kuamini. Na ikiwa Bohari ya Dawa haifikishi dawa, na ikiwa mwenye kadi anasimamishwa kando apite kwanza mwenye fedha taslimu, basi ile lazima itakuwa kodi nyingine katika macho ya maskini, na kila mahali itatafutiwa mlango wa kuikwepa. Nalisema hili kwa kuwa naitaka bima hii ifaulu, na mtu hafichi ufa wa nyumba anayotaka kukaa ndani yake.

Lipo pia suala la namna ya kulipa, ambalo kwetu sisi ni la peke yake. Mshahara hukatwa kwa mwezi, na pamba huuzwa kwa msimu, lakini duara halina mwezi wala msimu. Mchimbaji anaweza kukaa miezi mitano akila kwa mkopo wa mwenye duara, na katika mwezi wa sita duara likatema dhahabu, na kwa wiki mbili akawa mtu wa kukopwa. Ukimfuata katika miezi mitano ile ukamwambia alete ada ya mwaka, unamwonea. Ukimfuata baada ya zile wiki mbili, umechelewa. Sasa, mnajua jinsi mawe yanavyogawanywa. Yakitoka chini hujazwa katika viroba, mwenye leseni huchukua fungu lake, gharama za mwenye duara huondolewa, na wanaobaki hugawana. Mwenye duara tayari, kwa desturi tuliyoikuta, huwalisha watu wake na kuwanunulia dawa wakiumia wakati wa kazi, na gharama hiyo huitoa kabla ya mgawo. Kumbe sanduku tunalo! Tatizo lake ni kwamba ni la duara moja, na duara likifa bila kutema, sanduku nalo limekufa, pamoja na aliyelala hospitalini. Kwa nini basi viroba vya afya visitengwe katika kila mgawo, katika maduara yote ya kata, vikasagwa na kuuzwa kwa pamoja, na fedha zake zikalipia kadi za wote walioandikwa, walio katika duara lililotema na walio katika duara ambalo bado ni la udongo mtupu? Tangu soko la madini lilipofunguliwa Geita mwezi wa Machi mwaka 2019, Serikali imeweza kuchukua mrabaha wake pale pale dhahabu inapopimwa. Na mkono unaoweza kuchukua mrabaha mezani unaweza pia kupokea senti ya kisandukuni.

Mwenye leseni mmoja niliyemweleza jambo hili alinyamaza kitambo, kisha akaniuliza ni nani atakayeshika daftari. Ni swali la haki. Nilimjibu kwamba Wajerumani walichagua wazee kutoka miongoni mwa wachimbaji, na kwamba hapa kwetu sungusungu, wale walinzi wa vijiji, walipotokea katika miaka ya 1980, watu wa Shinyanga walijua vizuri ni nani wa kuaminiwa na ni nani wa kuwekwa mbali. Aliniuliza tena, na hili la pili ndilo ambalo tangu siku ile linanikosesha usingizi: na wale kina mama je? Maana wale wanaokaa juani mwaloni kutwa nzima wakiponda mawe kwa nyundo, mtoto akiwa mgongoni na vumbi likiwaingia wote wawili, hawamo katika mgawo wa duara lolote; hulipwa kwa ndoo, au hupewa marudio, yaani mchanga uliokwisha kuoshwa, wakajitafutie, na majina yao hayako katika daftari la mtu. Nilikwenda mwaloni asubuhi iliyofuata nikaanza kuwaandika. Hadi jana jioni nilikuwa nimefikisha majina 61, na upande wa chini, karibu na maji, sijafika bado.